Nimewalipa watu wa droni wapime dampo letu limebakiza nafasi kiasi gani, nawapa nyota 3 na nusu

Ukitaka kujua dampo letu litajaa lini kila mtu ana jibu lake. Diwani anasema bado miaka kumi. Dereva wa tipa anasema limejaa tangu mwaka juzi, maana yeye ndo anapanda ile barabara ya juu kila siku na gia namba moja huku nyuma kuna tani saba za maganda ya ndizi. Mhandisi anasema subiri nikaangalie michoro, michoro iko kabatini, kabati lina kufuli, funguo anayo mtu aliyehamishwa kituo. Mimi nasimamia dampo hilo kwa mkataba, vijana wananiita mama dampo na nimeshazoea, na kwenye mkataba mpya kuna kipengele kinasema lazima nitoe taarifa ya nafasi iliyobaki kila mwaka. Sio ya kukisia kwa macho, ya kupimwa.

Ndo nikaingia sokoni kutafuta wapimaji. Jina la kampuni sitaji, na la halmashauri sitaji, hapa naongelea huduma tu ili ukiwa na kazi kama hii ujue unanunua nini.

Zamani tulikuwa tunatumia wapimaji wa ardhi wa kawaida, wale wa mashine ya miguu mitatu na kijana mmoja anashika fimbo yenye kioo anazunguka nayo juu ya taka. Kazi nzuri sana ila siku nne, kijana wa fimbo anazama kwenye taka hadi magotini, mara ya mwisho mmoja alikanyaga sindano tukakimbizana naye hospitali, toka siku hiyo nikasema hapana, kama kuna njia ya kupima bila mtu kukanyaga mlima wote nitailipia hata kwa kukopa. Droni wakaniambia milioni 6 na laki 4 kwa madampo matatu, moja la kwetu la kisasa na mengine mawili ya wilayani ambayo kusema kweli ni mashimo tu yalikochimbwa kokoto. Nikaona sawa.

Siku ya kwanza haikuwa. Walifika saa mbili asubuhi na gari zuri na makoti ya kung'aa, nikauliza kibali cha TCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga, kiko wapi, wakaangaliana. Kumbe walikuwa na kibali cha kazi nyingine ya mwezi uliopita mkoa mwingine kabisa wakadhani kitafaa. Nikawaambia kaka zangu, hapa kuna kambi upande ule na uwanja wa ndege upande huu, mkirusha hicho kidude bila karatasi mimi ndo nitalala ndani, nyie mtakimbia na gari lenu. Wakarudi baada ya siku kumi na moja. Hapo nusu nyota imeondoka.

Waliporudi walikuja kamili na kazi yenyewe ilikuwa raha kuitazama. Kabla ya kurusha wanapanga alama chini, vibao vya plastiki vyeupe na vyeusi kama ubao wa drafti, kila kimoja wanakipima kwa GPS ya kisasa inayokosea sentimita mbili tatu tu, halafu droni ikipiga picha kutoka juu vile vibao vinaonekana na vinatumika kuifungia ramani yote mahali pake. Bila hivyo picha zinakuwa nzuri ila mlima wako unaweza kuelea nusu mita juu au chini na hakuna atakayejua. Wakapanga vibao kumi, wakaenda kunywa chai. Waliporudi vimebaki vinne.

Jamani. Hili ni dampo. Hapa kuna watu zaidi ya mia wanaoamka saa kumi usiku kuja kuokota plastiki, wewe unaweka plastiki ngumu safi kabisa chini halafu unaenda kunywa chai? Nilicheka hadi machozi. Nikamtuma kijana akaongee na mama mmoja anayeheshimika pale kwa waokotaji, vibao vitano vikarudi, cha sita alishakiuza. Yule mama akawaambia rubani na mwenzie, "Wanangu, mngetuambia tungewalindia, mbona mnatuogopa?" Ikabidi wamlipe kijana mmoja akae analinda na kweli hakikupotea tena kitu.

Baada ya hapo droni ikapaa kama mita 80 juu, inakwenda inarudi kama mtu analima matuta, kila picha inalalia picha ya jirani yake kwa asilimia 80 hivi, na huo ndo ujanja wenyewe, maana sehemu moja ikionekana kwenye picha nyingi kutoka pembe tofauti programu inaweza kupiga hesabu ya kimo chake, kama vile macho mawili yanavyokupa umbali. Dakika arobaini wamemaliza hekta 6. Mwewe mmoja aliishukia mara mbili, rubani akaipandisha juu haraka huku anasema maneno ambayo sitayaandika. Kunguru wao walikaa tu wanaangalia. Moshi nao ulisumbua kona ya mashariki ambako taka zinaungua kwa ndani tangu kiangazi, pale ramani ikatoka na tobo, wakarudi kupiga asubuhi yake upepo ukiwa umetulia. Hiyo nawapongeza, wangeweza kuliziba tobo kwa kompyuta na nisingejua.

Baada ya wiki moja ripoti ikaja. PDF kurasa 34, rangi rangi, mlima wetu umezungushwa kama keki. Ukurasa wa kwanza kwa maandishi makubwa: nafasi iliyobaki mita za ujazo 412,000, umri uliobaki miaka 7 na miezi 3.

Mkurugenzi alifurahi! Diwani alifurahi zaidi, akasema si nilisema mimi. Mimi nikakaa na kalkuleta usiku ule maana miaka saba haikuniingia akilini kabisa.

Kwanza hiyo 412,000. Nafasi iliyobaki kwenye dampo sio kutoka juu ya taka hadi mawinguni, ni kutoka juu ya taka za leo hadi umbo la mwisho lililochorwa kwenye mchoro wa usanifu, na umbo hilo lina miteremko, kwetu ni mita moja ya kupanda kwa kila mita tatu za kwenda mbele. Kwa hiyo kadri unavyopanda ndivyo mlima unavyokuwa mwembamba. Watu wengi hawalioni hili. Wanaona tumefika nusu ya kimo wanasema basi bado nusu. Chukua piramidi kamili, ukiijaza hadi nusu ya kimo chake umeshatumia sehemu saba kati ya nane za ujazo wake, imebaki moja tu. Dampo letu halina ncha kama piramidi, juu litakuwa bapa, lakini ugonjwa ni uleule. Hapo kampuni walifanya vizuri, walidai mchoro, nikavunja lile kufuli (kwa barua, msinishtaki), wakauingiza na wakalinganisha uso kwa uso.

Walipokosea ni nyasi. Droni inaona juu ya kila kitu, haioni ardhi. Upande wa kusini ambao tuliufunika udongo miaka miwili iliyopita una magugu yamefika kifuani kwa mtu baada ya masika, na programu ikahesabu magugu kama taka. Ukisikia wanajisifia kwamba kipimo chao kinakosea sentimita 5 tu, ni kweli, na sentimita 5 juu ya hekta 6 ni mita za ujazo 3,000, sio kitu. Lakini mita moja ya nyasi juu ya hekta moja na nusu ni 15,000. Yaani kosa la nyasi ni mara tano ya kosa la mashine. Niliwaambia, wakasafisha wakarudisha ile ripoti na namba ikabadilika kidogo kwa faida yetu, lakini kwa bahati walikuwa pia wamesahau kulihesabu rundo la udongo wa kufunikia lililokuwa limekaa ndani ya eneo, moja likala lingine tukarudi karibu palepale, 412,000. Kwa hiyo namba ilikuwa sahihi kwa bahati. Sijui nimpe nani nyota hiyo.

Sasa miaka 7 na miezi 3. Hapa ndo ugomvi wangu mkubwa na hii huduma.

Droni inapima ujazo. Haipimi miaka. Ili upate miaka unahitaji vitu viwili ambavyo havipo angani: tani ngapi zinaingia kwa siku, na tani moja inakula nafasi kiasi gani ukishaishindilia. Tani zinazoingia niliwapa mimi, wastani wa 140 kwa siku, na hiyo namba haikutoka kwenye mizani peke yake kwa sababu mizani yetu ya getini ilikufa miezi miwili ya mvua, maji yaliingia kwenye shimo lake. Ilitoka kwenye daftari. Kuna kijana wa getini, kila gari linaloingia analiandika kwa mkono, tipa, Fuso, kirikuu, guta, limejaa au nusu, na kwa sababu miezi mizani ilipokuwa nzima tulishapima kila aina tukajua Fuso iliyojaa ni tani ngapi, daftari lile likatuvusha. Kampuni walipoliona walicheka. Daftari kubwa la mistari lenye madoa ya chai. Lakini bila hilo ripoti yao ya kurasa 34 ni picha ya mlima tu.

Cha pili ndo walikipata kitabuni. Walichukua tani 0.9 kwa kila mita ya ujazo. Namba hiyo ipo kweli, ni ya madampo yenye kompakta, lile dude zito la magurudumu ya chuma yenye meno linalopita juu ya taka mara nne tano kwa matabaka membamba hadi zinakuwa kama tofali. Sisi tuna katapila moja, la kukodi, na wiki nyingine halina dizeli. Katapila linasukuma, halishindilii, mnyororo wake umetengenezwa kugawa uzito usizame. Na hawakutoa udongo wa kufunikia, ambao nao unakula nafasi, kwetu kama asilimia 15.

Nikapiga hesabu upya pale mezani. Tani 140 mara siku 365 ni 51,100 kwa mwaka. Kwa 0.9 zinakula mita za ujazo 56,800 hivi, 412,000 ukigawa unapata ile miaka 7 na miezi 3 yao. Ukitoa udongo kwanza inabaki 350,000, na ukitumia 0.55 ambayo ndo nilikisia kwa katapila letu, mwaka unakula 93,000 karibu, unapata miaka 3 na miezi 9. Dampo ni lilelile, picha ni zilezile, droni ni ileile, ila nusu ya umri imeyeyuka kwa namba moja ambayo mtu ameinakili na udongo aliousahau.

Nilimpigia mkuu wa kampuni. Akaniambia dada, hiyo ndo namba ya kimataifa. Nikamwambia kaka, taka za hapa hazijui hilo.

Wengine wataniona nina makelele kwa tofauti ya miaka mitatu. Fikiria kidogo inavyochukua kupata eneo jipya, fidia, tathmini ya mazingira, wananchi kukataa. Dar es Salaam wanalijua hili vizuri, wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani mwaka 1988 kulikataa dampo, jiji likataka kupeleka Kunduchi Mtongani na wenyeji nao wakashtaki, taka zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, kila mara haraka haraka kwa sababu hakuna aliyeanza kutafuta mapema. Nairobi wana Dandora, la tangu miaka ya 70, limetangazwa kujaa mwaka 2001 na bado magari yanapanda. Na Kiteezi pale nje ya Kampala, lililofunguliwa 1996, kila mtu alikuwa anasema limejaa na taka zikaendelea kwenda, Agosti 2024 mlima ukashuka juu ya nyumba za watu asubuhi ya Jumamosi, waliokufa ni zaidi ya 30. Addis Ababa dampo la Koshe Machi 2017 waliokufa walipita 100. Mimi nina watu zaidi ya mia chini ya mlima wangu kila alfajiri. Kwa hiyo ukiniambia miaka saba wakati ni minne, unaniambia nilale.

Na hapo hapo niseme kitu kilichonifanya nisiwape nyota mbili. Kwenye ripoti kulikuwa na ukurasa wa 27 ambao hata hawakuutaja kwenye kikao, ramani ya miteremko, kijani ni salama, njano angalia, nyekundu hatari. Upande wa magharibi ulikuwa mwekundu mtupu. Tumekuwa tukimwaga pale kwa sababu ni karibu na barabara, dereva anashusha anaondoka, na ukisimama chini huoni chochote cha ajabu, ni mlima tu. Ramani ikaonyesha mahali pengine tumepanda mita moja kwa mita moja na robo badala ya mita tatu. Nilihamisha sehemu ya kushusha kesho yake, nikaomba kijiko, ile mashine ya kuchimbia, tukaanza kulalisha ule upande, na waokotaji tukawaambia wasipite chini yake mvua ikinyesha. Kwangu ukurasa ule mmoja umelipa ile milioni 6 na laki 4. Wao wanauza ukurasa wa kwanza wenye miaka, wakati mali yao iko ukurasa wa 27. Sijui nani anawafanyia matangazo.

Yale madampo mawili ya wilayani nitapita haraka kwa sababu hayana cha kusifia. Hayana mchoro, hayana mpaka, hakuna anayejua shimo lilikuwa na kina gani kabla ya kuanza kujazwa. Sasa nafasi iliyobaki ya kitu kisicho na umbo la mwisho ni nini? Kampuni walijichorea wenyewe mstari wa juu wakatoa namba. Namba zikaingia kwenye jedwali la mkoa sambamba na ya kwetu na mtu wa mkoani akajumlisha zote tatu akapata jumla moja nzuri. Niliomba ziandikwe makisio, zimeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa.

Nililipa tena miezi sita baadaye, kwa dampo letu peke yake, bei ikashuka. Na nawashauri mkinunua hii huduma msinunue mara moja, nunueni mbili, kwa sababu mara ya pili ndo inaondoa ubishi wa vitabuni. Mizani ilishatengenezwa, kwa hiyo nilikuwa na tani za kweli: siku 182, tani 25,480. Droni ikaonyesha nafasi iliyoliwa ni mita za ujazo 47,000, udongo umo humohumo. Gawanya: tani 0.54 kwa kila mita ya ujazo ya nafasi yetu, kwa katapila letu, dizeli yetu na maganda yetu. Imebaki 365,000, kwa mwendo huu ni miaka 3 na miezi 10 hivi. Ndiyo, inazidi kidogo hesabu yangu ya mwanzo ingawa miezi sita ishapita, na sababu yake kubwa nadhani ni kwamba taka za chini zinaoza na kushuka zenyewe, kwetu zaidi ya nusu ni mabaki ya chakula na majani, wataalamu wanasema mlima unaweza kupoteza asilimia 10 hadi 30 ya kimo kwa miaka kadhaa. Upande ule wa zamani umeshuka kama kiganja na nusu. Dampo linakurudishia nafasi kidogo, kama muuza duka anayekupa pipi badala ya chenji.

Mara hii ya pili walikuwa wamejifunza, siwezi kuwanyima. Kibali walikuja nacho mkononi. Nyasi walizikata njia kwa njia ili droni ione udongo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa mita za ujazo tu, miaka imehamia ndani na kuna jedwali linaonyesha ukishindilia hivi utapata miaka hii, usiposhindilia utapata ile. Nilimwonyesha mkurugenzi mstari wa kompakta, kwamba tukifika 0.8 tunaongeza karibu miaka miwili bila kununua hata ekari moja. Ameomba bei ya kukodi kompakta, tunasubiri. Diwani hajasema kitu.

Kijana wa daftari ameajiriwa rasmi, yuko ofisini anaingiza kwenye eksel, ila daftari bado analo na nimemwambia asiliache.

Kwa hiyo nyota 3 na nusu. Nusu nyingine nitawaongezea wakija mwezi wa sita na alama za mawe yaliyopakwa chokaa, maana hata mara ya pili walikuja na vibao vya plastiki, na kimoja tena hakijaonekana hadi leo.